Vitabu vya Kuwashia Moto

Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba, na vilikuja jikoni ili vichomwe. Memsabu wa shamba la kahawa tulilokaa, upande wa Ruiru, aliletewa kifurushi na treni, akavisoma kimoja kimoja pale veranda, na akimaliza kimoja alimpa mpishi awashie moto wa maji ya kuoga. Mpishi huyo alikuwa baba yangu mdogo. Aliogopa mali ya watu kiasi cha kutoonja hata mchuzi aliopika mwenyewe, lakini kuchoma kitabu kulimshinda. Baba yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa mtu wa kusoma, na baba alikuwa amebebwa na lori mwanzoni mwa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Waingereza, na hatukujua yuko kambi gani. Basi baba mdogo aliwasha moto wa Mzungu kwa vijiti, na kitabu akakileta kwetu laini, kule kwenye nyumba za wafanyakazi, amekificha ndani ya koti.

"Soma hii," aliniambia siku ile ya kwanza. "Usikae tu hivyo kwa sababu shule iliisha."

Shule iliisha nikiwa darasa la sita, baba alipochukuliwa. Baba mdogo hakujua kusoma Kiingereza. Alichoona yeye ni picha ya nesi kwenye jalada, amevaa kofia nyeupe, na kando yake daktari mwenye kidevu kirefu. Akadhani ni masomo ya unesi. Miaka yote ile aliamini kwamba ananisomesha unesi kimyakimya, na mimi sikuona sababu ya kumvunja moyo.

Yalikuwa mapenzi matupu. Hospitali ilikuwa moja, katika mji mdogo wa Uingereza wenye bahari na baridi, na kila kitabu kilikuwa na nesi wake. Nesi wa kitabu kimoja akishaolewa, unamkuta katika kingine anapita njiani na mtoto kwenye kigari, ananunua samaki, anasalimia wenzake. Unamfurahia kama mtu wa kwenu. Halafu unarudi kwa nesi mpya, maskini, anayegombana na daktari mwenye kiburi juu ya mgonjwa fulani. Wanagombana, wanaonana vizuri zaidi, daktari anamwomba aolewe naye, na nesi anakataa. Lazima akatae. Ama amesikia maneno ya watu, ama ana kichwa kigumu tu. Daktari anaondoka, nesi analia kwenye chumba cha mashuka, na kurasa chache kabla ya mwisho daktari anarudi. Mara nyingi kunanyesha. Anasimama pale amelowa na kusema maneno ya ukurasa mzima.

Watu husema vitabu kama hivyo ni vya wajinga, ukisoma kimoja umesoma vyote. Hao hawajui wanachosema. Mimi nilijua kabisa kwamba daktari atarudi, na bado moyo ulinidunda mpaka nikasimama. Sikuvisoma ili nijue kitakachotokea. Nilivisoma ili kitokee tena.

Kazi yangu ilikuwa kwenye meza za kuanikia kahawa. Zilikuwa meza ndefu za waya zilizopangwa nje, kahawa iliyooshwa imetandazwa juu yake, na sisi wanawake tumesimama pande zote mbili tukichambua mbegu zilizovunjika na zile zilizotobolewa na wadudu. Jua likiwa kali sana tunaifunika isipasuke; mvua ikidondoka tunaifunika isilowe. Mkono unafanya kazi siku nzima na mdomo hauna la kufanya. Ndivyo nilivyoanza kuwasimulia. Pale mezani kulikuwa na watu wa kwetu na wengine waliotoka magharibi, upande wa Kakamega na Kisumu, kwa hivyo nilisimulia kwa Kiswahili. Maneno nisiyoyajua niliyapa maana niliyoona yanafaa.

Nikisimulia, vidole vinalala. Mwanamke aliyesimama kushoto kwangu, mjane mwembamba mwenye mikono myepesi, alikuwa anachambua sehemu yake na yangu ili nisigombezwe. Nyapara naye alikuwa akitupa mgongo karibu na meza yetu, eti anaangalia anga. Siku moja niliposhusha sauti, mahali daktari anapomshika nesi mkono, aligeuka akafoka: "Wewe, ongea kwa sauti. Sitaki minong'ono ya mambo ya msitu hapa." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mambo ya msitu, ya wale waliopigana na serikali kutoka humo, wakati huo yangeweza kumpeleka mtu kizuizini. Yeye alitaka tu kujua kama mkono umeshikwa.

Mama mmoja wa Kakamega, mnene, mpole, ndiye aliyekuwa na maswali.

"Huyo daktari ametuma nani kwa kina msichana?"

"Hatumi mtu. Anaenda mwenyewe."

"Mwenyewe? Kwani hana wajomba?"

"Anao, lakini hawahusiki."

"Basi huyo atamwacha," akasema, akarusha mbegu mbovu kwenye debe. "Mwanamume asiyekuja na watu, atarudije akiondoka?"

Lakini alirudi. Alirudi kila mara, na mama yule kila mara alipangusa macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Sasa nikikumbuka naona kwa nini. Pale mezani karibu kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyeondoka. Wengine waume zao walikuwa kizuizini, wengine msituni, wengine walikwenda Nairobi kutafuta kazi wakazolewa katika msako mmoja asubuhi. Hakuna aliyekuwa amerudi. Kisha mimi ninaanza kusimulia, mwanamume anaondoka, na kabla hatujafunika kahawa jioni mwanamume huyo amesimama mlangoni. Tungeambiwa hivyo mara mia na tusichoke.

Yule mjane wa kushoto kwangu alikuwa na mtoto wa kaka yake aliyefanya kazi Thika, kwenye kiwanda cha ngozi. Jumapili, akipata pasi ya kusafiri, kijana huyo alikuja kwa baiskeli kumwona shangazi yake. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, na hata akioga vipi alinuka ngozi na dawa za kiwandani. Madaktari wangu walinuka sabuni na tumbaku. Nilimdharau kidogo kwa hilo, sitaficha.

Alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Hakuweza kukaa kwenye nyumba yenye mlango unaolia au jembe lililolegea mpini. Siku moja alimrudishia mama yangu panga alilokuwa amemnolea, akasalimia, akasimama pale mlangoni akiangalia fremu badala ya kuniangalia mimi.

"Yule daktari," akasema, "alirudi?"

Kumbe shangazi yake alikuwa akimsimulia Jumapili yale niliyowasimulia wiki nzima, na alikuwa amemwachia mahali pabaya.

"Alirudi," nikamwambia.

"Basi vizuri," akasema, akapanda baiskeli akaenda zake.

Nilimpenda hapo. Nasema waziwazi kwa sababu wa kunikemea wameshakufa wote. Tangu hiyo siku ikawa ndiyo salamu yetu. Kila Jumapili aliyokuja aliuliza kama daktari amerudi, nami nikajibu ndiyo au bado, na akisikia bado alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua imechelewa. Zaidi ya hapo maneno yalikuwa machache. Tulitoka kanisani siku moja tukitembea pamoja, yeye anasukuma baiskeli, mpaka tulipofika kwenye miti ya mpakani. Hapo alitoa mfukoni ukanda wa ngozi, mukwa, ule tunaouweka kwenye paji la uso tukibeba kuni mgongoni. Mukwa wa kawaida ni mgumu, na kila mwanamke wa kwetu wa umri ule alikuwa na alama yake kwenye paji. Huu alikuwa ameulainisha mwenyewe kwa mafuta, akaufanya mpana katikati ili usikate.

"Ulikuwa na kidonda hapa," akasema, akagusa paji lake mwenyewe.

Nilimshukuru. Nyumbani nilimwonyesha mama, naye akaukunja na kuukunjua mikononi kwa muda mrefu. "Huyu amekuangalia," akasema. Mimi nikawaza kwamba yule nesi wa kitabu cha mwezi uliopita alipewa maua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Msichana amepewa kitu ambacho hakuna mwingine amepewa, na anakipima kwa maua ya Mzungu.

Ikafika siku ya kuja kuniomba. Zamani ilikuwa pombe ya muratina. Sisi watu wa kanisa tuliweka chai mahali pake, lakini kanuni ilibaki ile ile. Wazee wa upande wa kijana wanakuja, wanakaa, wanazungumza juu ya ng'ombe na mvua mpaka msichana anaitwa. Mkubwa wa nyumba anamuuliza mbele ya wote, hii chai tuinywe? Akikubali, anamimina kikombe cha kwanza, anaonja, anampa mkubwa wake, na hapo ndipo wengine wanakunywa. Asipoonja, hakuna anayeonja.

Wakati ule mtu hakutoka Thika kuja Ruiru alivyotaka. Kila mzee alihitaji pasi yake, na watu wazima kukutana nyumba moja kulihitaji kibali. Kijana yule alikuwa ameshinda kwenye mlango wa karani, Jumamosi baada ya Jumamosi, akawapatia wazee watatu pasi za siku moja. Shangazi yake alinieleza yote hayo mezani huku akichambua kahawa yangu. Walikuja na majani ya chai, sukari na mikate iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Mama alikuwa ameazima vikombe kutoka laini nzima. Baba mdogo alivaa koti lake la kazi ya jikoni kwa sababu hakuwa na lingine, akakaa mahali ambapo baba angekaa.

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimewaacha wanawake mahali nesi anakataa. Walikuwa wamesonya na kufurahi, na mama wa Kakamega alikuwa amesema, "Mwache aondoke, atajua huyu msichana si wa kuokota." Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani nilipoitwa.

"Mwari," baba mdogo akaniambia, "hawa wageni wameleta chai. Tuinywe?"

Nilimtaka yule kijana. Hilo lieleweke. Alikuwa amekaa nyuma ya wazee wake, anaangalia viatu vyake vilivyopigwa rangi, na nilitaka kwenda kukaa karibu naye hata kama ananuka ngozi. Lakini niliona kwamba nikionja sasa hivi, mara ya kwanza kuulizwa, mambo yatakuwa yamekwisha. Nitakuwa mke wa mtu, nitabeba kuni na watoto, na maisha yangu yote hakuna atakayeniomba tena kitu chochote. Nilitaka mara moja tu mtu aondoke kwa sababu yangu na arudi kwa sababu yangu. Watu wote walioondoka kwetu walikuwa wameondoka kwa sababu ya serikali.

"Hii chai siinywi," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja aliweka kofia yake kichwani. Baba mdogo alinitazama akingoja niongeze neno. Chai ilikaa kwenye birika, vikombe vya kuazima vikiwa vimepangwa vikavu, mpaka wageni waliposimama na kusema ni vizuri wawahi njia kabla pasi hazijaisha muda. Kijana alipita karibu nami akitoka. Hakuniangalia. Mikate ilirudi Thika jinsi ilivyokuja, imefungwa kwa kile kitambaa.

Mama alimwaga chai nyuma ya nyumba, taratibu, bila kuirusha.

"Umesema huinywi," akaniambia. "Ulimaanisha huinywi?"

"Nilimaanisha bado."

"Hakuna chai ya bado," akasema mama, akaanza kukusanya vikombe vya watu.

Baba mdogo alikaa siku kadhaa bila kuongea nami. Alipoongea alisema masomo ya unesi yamenipandisha kichwa, na kuanzia hapo vitabu vyote alivichoma kama alivyoagizwa. Kilichobaki kwangu kilikuwa kile kimoja, ambacho nilikuwa sijakimaliza.

Pale mezani nilipokelewa tofauti. Mjane alihamia meza nyingine na hakunisalimu tena, na nilipaswa kuona haya kwa hilo. Lakini hao wengine walichangamka. "Umekataa kweli?" "Alikuwa na uso gani?" "Aliondoka akitembea pole ama haraka?" Mama wa Kakamega peke yake ndiye aliyekunja uso. Alisema wazee watatu wamefanywa watoto, na mzee hafanywi mtoto mara mbili. Wengine wakamnyamazisha. Kila asubuhi waliniuliza kama amerudi, nikasema bado, na tukaendelea kuchambua tukiwa na uhakika kwamba ni kurasa tu zimebaki. Niliwaahidi kwamba kile kitabu cha mwisho nitawamalizia siku ambayo yeye atarudi, kisa cha nesi na changu pamoja. Walilipenda sana wazo hilo.

Mvua za masika zilianza. Tulitumia wakati mwingi kufunika na kufunua kahawa, na Jumapili zilipita. Kisha asubuhi moja mjane alikuja hadi kwenye meza yetu, akasimama upande wa pili, akanitazama. Alisema wazee wamepata pasi nyingine. Wamekwenda nyumba moja huko Thika, karibu na kiwanda, na chai imenywewa.

"Imenywewa yote," akasema. "Msichana alimimina mwenyewe." Akarudi mezani kwake.

Mikono ilisimama kila upande. Wanawake wale walikasirika, na si kwa ajili yangu peke yangu. Walikasirika kama watu waliouziwa unga ulio na mchanga.

"Hakurudi," mmoja akasema.

"Huyo hakuwa mtu. Mwanamume wa maana angerudi."

"Hata mara moja? Hata kupita tu?"

Nikainamisha kichwa, wakadhani nalia kwa kuachwa. Mama wa Kakamega akaja akasimama mahali pa mjane, kushoto kwangu, akaanza kuchambua sehemu yangu bila kuambiwa. Baada ya muda akasema, "Basi tumalizie kile kitabu. Huyo mwingine alirudi?" Nikawaambia alirudi. Niliwaambia kulikuwa kunanyesha na kwamba alisema maneno mengi. Hakuna aliyepangusa macho. Wingu lilikuwa limekuja upande wa mji wa Kahawa, na nyapara akatuambia tufunike.

Baadaye niliolewa. Mume wangu alitoka Murang'a, mtu mzuri, tuliishi vizuri na tulizaa, na chai yake niliionja bila kusumbua mtu. Simlalamikii marehemu. Vitabu vya aina hiyo niliendelea kuvisoma kila nilipovipata, na hata leo wajukuu wakiviacha kwenye kiti navichukua, na bado moyo unadunda. Lakini nikifika mahali mwanamume anarudi ninakifunga kidogo na kuangalia nje.

Maana alikuwa amerudi. Hilo sikuwaambia wanawake wa mezani, wala mjane, wala mume wangu. Alijua mama peke yake.

Ilikuwa Jumapili ya katikati ya masika, wiki chache baada ya ile chai. Paa letu la nyasi lilikuwa limetoboka juu ya kitanda changu, tundu la ukubwa wa sinia, na maji yalikuwa yakiingia. Baba angekuwepo angeliziba. Baba mdogo alikuwa na hasira na mimi. Nilikuwa nimesukuma kitanda pembeni, na kwa kweli tundu lile nililipenda, kwa sababu nyumba za laini hazikuwa na dirisha na sasa nilikuwa na mwanga wa kusomea. Nilikuwa nimekaa chini yake na kile kitabu cha mwisho, nikijiambia nitasoma ukurasa mmoja tu na zingine nitaweka.

Nikasikia baiskeli. Nikasikia sauti yake ikimsalimia mama nje, na mama akiitika. Hakuuliza habari yangu. Alisema ameambiwa na shangazi yake kwamba kwetu kunavuja, na amekuja na nyasi. Kulikuwa na manyunyu. Alikuwa amefunga matita mawili nyuma ya baiskeli akayaleta kutoka Thika njia yote ile, kwenye matope, na pasi yake ya siku moja mfukoni.

Nilibaki ndani na kitabu changu. Sasa atasema, nikawaza. Atakuja mlangoni aseme. Badala yake nilisikia ngazi ikiegemezwa ukutani na miguu yake ikipanda. Hasira ikanishika. Wiki zote hizo nimengoja, halafu anakuja na nyasi na panga kama fundi aliyeitwa.

Mama akachungulia mlangoni. "Uji uko jikoni," akasema, si kwa sauti kubwa. "Uko moto."

Nilijua maana yake. Kila msichana wa kwetu angejua. Chai ikishakataliwa wazee hawawezi kuirudia, lakini msichana akimpelekea kijana uji kwa mkono wake mwenyewe, kijana anaweza kurudi kwao akawaambia wazee watafute pasi tena. Ilikuwa njia ndogo ya nyuma, na mama alikuwa amenifungulia.

"Ninasoma," nikamwambia mama. "Akitaka kitu ana mdomo."

Mama akaondoka. Mwanga ukapungua, kivuli cha kijana kilikuwa kimefika juu ya tundu. Nilikuwa mahali hasa ambapo daktari ametokea kwenye lango, amelowa, nesi anamwona kutoka dirishani na hajui afanye nini.

"Ngoja," nikamwambia kule juu, bila kuinua uso. "Usizibe bado. Nimalize hapa kwanza."

Akangoja. Alijisogeza pembeni ili mwanga upite, akakaa pale juu ya paa na tita la nyasi magotini, manyunyu yakimwangukia. Sikuharakisha. Daktari alikuwa na maneno ya ukurasa mzima na niliyasoma yote, mengine mara mbili, matone yakidondoka karibu na miguu yangu. Kutoka jikoni nilisikia mama akikoroga uji usigande. Nilipofunga kitabu nilisema, "Haya."

Hakuanza kuziba mara moja. Niliona sehemu ya uso wake kwenye lile tundu, maji yakitiririka kwenye pua.

"Amerudi?" akaniuliza.

"Amerudi."

"Basi vizuri," akasema, akaweka nyasi, na ndani kukawa giza.